Nyama za Paja Zinachanika, Kinachopimwa ni Kiuno

Tangu msimu wa 2001/02 UEFA imekuwa ikifuatilia majeraha ya klabu kubwa za Ulaya, moja baada ya jingine, kwa taarifa zinazotumwa na madaktari wa timu zenyewe. Msimu ule wa kwanza nyama za nyuma ya paja zilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Ilipofika 2021/22 zilikuwa asilimia 24. Katikati ya namba hizo mbili ipo miaka 20 ya makocha wa viungo waliosomea kazi yao, mabwawa ya barafu, vifaa vinavyohesabu kila mita aliyokimbia mchezaji, na wachua misuli wanaosafiri na timu kila inakokwenda. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba kikosi cha wachezaji 25 kitarajie majeraha ya misuli kama 15 kwa msimu, na kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi huangukia sehemu nne: nyuma ya paja, kinena, mbele ya paja na shavu la mguu.

Mashabiki tunalijua jeraha hili na tunaijua safari yake. Mchezaji anashika paja, anatolewa, anawekwa barafu, anapumzika wiki tatu, anarudi, anaumia tena palepale. Ni kule kuumia tena palepale kulikowafanya baadhi ya watafiti waanze kujiuliza kama paja ndilo lenye kosa, au linalipa deni la mwingine.

Huko Brisbane, Australia, mtaalamu wa fiziotherapia Julie Hides na wenzake waliwafuata wachezaji wa ligi ya AFL. Huo si mpira wetu wa miguu. Ni ule mpira wa Australia wa yai, watu 18 kila upande, uwanja unaoweza kufika urefu wa mita 185, ambako mchezaji hushika mpira kwa mikono, huupiga kwa mguu kwa nguvu zote, huruka, hugongana, na hukimbia kilomita nyingi kwa mechi. Mahitaji ya mwili yanafanana na ya soka kwa jambo moja muhimu: kukimbia kasi na kupiga mpira kwa mguu uleule mara maelfu.

Kipimo chenyewe hakina mbwembwe. Mchezaji analala kifudifudi kitandani, mto chini ya tumbo ili kiuno kinyooke. Mpimaji anapapasa kwa vidole mpaka apate pingili ya tano ya kiuno, ile ya mwisho kabla ya mfupa wa makalio, anapaka jeli na kuweka kichwa cha mashine ya altrasaundi, mashine ileile ambayo wajawazito wanaijua. Kwenye skrini unatokea mfupa katikati, na kila upande wake doa la mviringo lenye ukingo mweupe. Doa hilo ni msuli uitwao multifidasi. Mpimaji anauzungushia mstari taratibu, na mashine inatoa eneo lake kwa sentimita za mraba. Kulia, kisha kushoto. Basi.

Multifidasi hauonekani kwa nje. Umelala chini kabisa ya misuli mingine ya mgongo, vipande vifupi vinavyounganisha pingili na pingili, na unene wake mkubwa uko hapo chini kiunoni. Kuuelewa, mtu wa pwani afikirie mlingoti wa jahazi: kamba ndefu za pembeni huuzuia usianguke, lakini mlingoti wenyewe ukiwa umeunganishwa kwa vipande vitano, kamba ndefu peke yake hazitoshi, maana vipande vitateleza kimoja juu ya kingine. Vinahitaji vifungo vifupi kwenye kila kiungo. Misuli mikubwa ya tumbo na mgongo ndiyo kamba ndefu, multifidasi ni vifungo vifupi. Mwaka 1989 mhandisi wa Sweden, Anders Bergmark, ndiye aliyeigawa misuli ya kiwiliwili katika makundi haya mawili kwa hesabu za kihandisi. Maabara nazo zilionyesha udhaifu wa mifupa yenyewe: uti wa kiuno uliobaki na kano zake tu, bila msuli, hujikunja na kuporomoka kwa mzigo wa kama kilo 9. Kiwiliwili cha mtu mzima ni kizito mara kadhaa ya hapo, na huyo hajaruka kupiga kichwa bado.

Kabla ya wachezaji, Hides alianza na watu wa kawaida wenye maumivu ya mgongo. Mwaka 1994 alionyesha kwamba mtu akishikwa na mgongo kwa mara ya kwanza, multifidasi hupungua ukubwa upande uleule unaouma, tena kwenye pingili ileile, na ndani ya muda mfupi. Utafiti wa 1996 uliongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote hii: maumivu yaliisha ndani ya wiki nne kwa karibu kila mgonjwa, watu wakarudi kazini, lakini wiki ya kumi ikafika na msuli bado ni mdogo kwa wale ambao hawakufundishwa zoezi maalumu la kuuamsha. Maumivu yamekwenda, msuli haujarudi. Walipofuatiliwa kwa mwaka mmoja, maumivu yalikuwa yamewarudia asilimia 84 ya hao, dhidi ya asilimia 30 ya waliofundishwa zoezi.

Sasa mweke mtu huyo uwanjani. Daktari anamuuliza, "Unaumwa?" Anajibu, "Hapana, dokta, niko fiti." Hasemi uongo. Ila kiunoni ana msuli ambao mwili haujaurudisha kazini, na kipimo cha kuuliza hakiwezi kuliona hilo.

Kwa wachezaji wa AFL matokeo yalikwenda upande huohuo. Waliokuwa na multifidasi mdogo kwenye pingili ya tano ndio waliopata zaidi majeraha ya nyonga, kinena na paja. Utafiti uliofuata, uliochapishwa 2017 na kuhusisha zaidi ya wachezaji 200 wa klabu mbalimbali, uliongeza kipengele cha uwiano. Kando ya multifidasi kuna msuli wa ubavuni unaotoka kwenye mbavu ya mwisho mpaka kwenye fupanyonga, unaitwa kwadratasi lumboramu. Kwadratasi mkubwa ukilinganishwa na multifidasi mdogo ilikuwa dalili mbaya. Yaani kamba ndefu zinavuta kwa nguvu huku vifungo vya ndani vimelegea.

Msuli mwembamba wa kiuno unachanaje paja? Hapa ndipo makala nyingi za mazoezi hukimbilia neno "kora", yaani misuli ya kiwiliwili kwa jumla, na kuacha msomaji hewani. Jibu liko kwenye fupanyonga. Misuli ya nyuma ya paja inaanzia kwenye ule mfupa unaoukalia, chini ya tako, na kuishia chini ya goti. Fupanyonga likiinamia mbele, mfupa huo unapanda juu na nyuma, na msuli unavutwa kutoka juu. Mkimbiaji anapotupa mguu mbele, muda mfupi kabla ya unyayo kugusa ardhi, goti linanyooka na msuli unavutwa kutoka chini. Hapo ndipo msuli wa nyuma ya paja unafikia urefu wake mkubwa huku ukijaribu kufunga breki, na ndipo wengi huchanika. Ukivutwa ncha zote mbili kwa pamoja, nafasi iliyobaki ni ndogo.

Na nani anavuta fupanyonga mbele? Elizabeth Chumanov na wenzake wa Wisconsin, Marekani, walitumia mfumo wa kompyuta wa mwili wa mkimbiaji na kukuta kwamba msuli wa soasi wa mguu wa upande wa pili una athari kubwa kwenye mvuto wa nyama za paja. Soasi unaanzia kwenye pingili za kiuno na kushuka mpaka juu ya mfupa wa paja. Ndio unaonyanyua goti. Kwa hiyo mguu wa kushoto ukiwa nyuma na soasi yake imenyooshwa, inavuta kiuno na fupanyonga, na anayeumia ni paja la kulia. Misuli ya kina ya kiuno na tumbo ndiyo inayotakiwa kulituliza fupanyonga katikati ya ugomvi huo. Tena itulize mapema: mwaka 1996 Paul Hodges na Carolyn Richardson, nao wa Brisbane, walionyesha kwamba mtu mzima wa afya akinyanyua mkono, msuli wa tumbo wa ndani kabisa unajikaza kabla ya msuli wa bega. Kwa wenye maumivu ya mgongo unachelewa. Mwaka 2004 uchelewaji huohuo ukaonekana kwa wachezaji wa Australia wenye maumivu sugu ya kinena. Tunazungumzia sehemu ndogo sana za sekunde, lakini hatua ya mkimbiaji mwenye kasi nayo haina muda mrefu zaidi.

Kwenye soka lenyewe, kundi la Ghent, Ubelgiji, lilibandika vihisi vya umeme wa misuli kwa wanasoka 60, wakawakimbiza kwa kasi, kisha wakawafuatilia kuona nani ataumia. Waliobaki salama ni wale ambao makalio na kiwiliwili vilifanya kazi zaidi katika ile nukta ambayo miguu yote miwili iko hewani. Kundi hilohilo likaona pia kwamba waliokuja kuumia nyuma ya paja walikuwa wakikimbia huku fupanyonga limeinama mbele zaidi na kifua kikiyumba pembeni zaidi. Na huko Yale, Marekani, wanamichezo 277 wa chuo walivutwa kwa kamba kisha kamba ikaachiliwa ghafla, kuona kiwiliwili kinayumba kiasi gani. Ndani ya miaka mitatu, walioumia magoti walikuwa wale waliokuwa wameyumba zaidi, na kwa wanawake uhusiano ulikuwa mkubwa.

Mkao ni habari iliyojaa maneno kuliko ushahidi. Kila mtaa una mtu wa kukuambia simama wima, rudisha mabega, ingiza tumbo. Mwaka 1993 Liam Hennessey na Anthony Watson wa Ireland walilinganisha wachezaji waliowahi kuchanika nyuma ya paja na wasiowahi. Unyumbufu wa misuli haukutofautiana, tofauti ikawa kwenye kiuno: waliowahi kuumia walikuwa na mgongo wa chini uliobonyea ndani zaidi. Inavutia, na inaoana na ile hesabu ya fupanyonga. Lakini hao walipimwa baada ya kuumia. Huenda mbonyeo ulileta jeraha. Huenda jeraha lilibadilisha namna wanavyosimama.

Kisha kuna suala la maumbile. Mbonyeo wa kiuno unategemea sana pembe ambayo fupanyonga limekaa chini ya uti wa mgongo, na pembe hiyo mtu mzima hawezi kuibadilisha kwa zoezi lolote. Ni umbo la mfupa. Mwingine amezaliwa na kiuno kilichobonyea na hatakuwa na mgongo ulionyooka hata afanyiwe nini, wala hana haja. Na kwa watoto mazoezi yenyewe yanaumba: utafiti wa Michigan wa mwaka 2000 uliopima watoto 2,270 wa umri wa miaka 8 hadi 18 ulikuta kwamba kadiri saa za mazoezi zilivyokuwa nyingi, ndivyo mikunjo ya mgongo, wa kifua na wa kiuno, ilivyokuwa mikubwa. Kwa hiyo anayempanga mchezaji ukutani na kumpima kwa macho jinsi alivyosimama anapima kitu ambacho sehemu kubwa yake hakihusiani na uwanjani. Mkao wenye maana ni ule wa dakika ya 75, mtu anapokimbia amechoka na kiuno kimeanza kulegea.

Hata kutolingana kwa pande mbili, jambo linalowatia hofu wachezaji wanapooneshwa picha zao, mara nyingi si ugonjwa. Hides na wenzake waliwapiga wachezaji wa AFL picha za MRI wakakuta soasi ni mkubwa upande wa mguu wanaopigia mpira, na kwadratasi ni mkubwa upande wa pili, ule wa mguu wa kusimamia. Kutolingana huko hakukuwa na uhusiano na idadi ya majeraha. Ni alama ya kazi. Seremala naye mkono mmoja ni mnene kuliko mwingine, na hakuna anayemtibu.

Sasa msuli mdogo ni chanzo au ni dalili? Nionavyo mimi, kwa sehemu kubwa ni dalili. Multifidasi mdogo unaweza kuwa kumbukumbu ya mgongo uliouma miaka miwili iliyopita, au ya jeraha la mguu lililomfanya mtu achechemee mwezi mzima, na jeraha la zamani ndilo kiashiria kikubwa kuliko vyote cha jeraha jipya. Lakini upo ushahidi kwamba kuushughulikia kunasaidia. Mwaka 2012 kundi la Brisbane lilichapisha jaribio la wachezaji 46 waliogawiwa makundi kwa bahati nasibu. Walifundishwa kukaza multifidasi na tumbo la ndani huku wakijiona kwenye skrini ya altrasaundi, kisha wakapandishwa taratibu mpaka mazoezi ya kusimama na ya kubeba uzito. Misuli ikanenepa, na mechi walizokosa kwa majeraha zikapungua. Wachezaji 46 si wengi. Tena ni wa ligi ya kitajiri, yenye mashine na muda. Nalichukua kama kidokezo kizuri, si hukumu.

Jambo ambalo siwezi kulikubali ni kutumia kipimo hiki kumtafuta mchezaji atakayeumia. Roald Bahr wa Oslo aliandika mwaka 2016 akieleza kwa nini vipimo vya namna hii havitabiri: wastani wa walioumia na wa wasioumia unatofautiana, lakini watu wenyewe wamechanganyikana. Wapo wenye misuli minene wanaochanika na wenye misuli myembamba wanaomaliza msimu bila mkwaruzo. Rudi kwenye ile hesabu ya UEFA, majeraha ya misuli 15 kwa kikosi cha watu 25. Katika mazingira hayo kumbagua mmoja kwa sentimita moja ya mraba ni kupoteza muda wa daktari. Afadhali wote wafanye mazoezi.

Na mazoezi hayo hayadai altrasaundi. Mwaka 2004 Marc Sherry na Thomas Best wa Wisconsin waliwachukua wanamichezo 24 waliochanika nyuma ya paja. Kundi la kwanza lilifanya tiba ya kawaida, kunyoosha na kuimarisha paja. La pili lilifanya wepesi wa miguu pamoja na mazoezi ya kukitawala kiwiliwili. Wiki mbili baada ya kurudi mchezoni, katika kundi la kwanza walikuwa wameumia tena 6 kati ya 11. Katika kundi la pili hakuna hata mmoja kati ya 13. Utafiti mdogo, ndiyo, lakini tofauti kama hiyo haipuuzwi, na tiba yake ni kulala ubavu na kujiinua kwa kiwiko, kutembea pembeni kwa hatua fupi, kukaza tumbo huku mguu ukisogea.

Programu ya kupasha misuli ya FIFA, inayoitwa 11+, imebeba mawazo hayahaya: planki ya mbele, yaani kujiinua kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, planki ya ubavu, zoezi la Nodiki ambapo mwenzako anakushika vifundo vya miguu nawe unaanguka mbele taratibu kwa magoti, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa juu ya vidole. Dakika 20. Ilijaribiwa Lagos, Nigeria, kwa vijana wa kiume wapatao 400, na majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Nautaja mji huo kwa makusudi, maana viwanja vya Lagos vinafanana na vyetu kuliko vya Oslo. Zoezi la Nodiki peke yake lilipunguza majeraha mapya na ya kujirudia ya nyuma ya paja kwa asilimia 71 katika jaribio la Denmark la 2011, kwa hiyo asije mtu akasema kiuno kinatosha na paja liachwe.

Wanachokosea wengi ni kudhani haya yote maana yake ni tumbo lenye vipande. Kijana analala chali na kunyanyua kiwiliwili mara mia mbili kila asubuhi, tumbo linapendeza pichani, na bado kiuno chake kinacheza kama hakina mwenyewe akianza kukimbia. Msuli wa vipande ni kamba ndefu ya mbele. Multifidasi unahitaji mkazo mdogo unaodumu, kiuno kikiwa kimetulia huku mikono na miguu vikisumbua. Kocha asiye na mashine yoyote anaweza kuona: mlaze mchezaji kifudifudi, ajiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, kisha anyanyue mguu mmoja. Kiuno kikidondoka au nyonga ikipinda upande, hapo pana kazi.

Onyo moja ni la watoto wa akademi, na hapa habari ya kuimarisha kiuno inasimama kando. Kijana wa miaka 14 anayelalamika kiuno upande mmoja, na maumivu yanazidi akijikunja nyuma au akipiga shuti, asipewe planki. Katika kliniki moja ya michezo ya Boston, kati ya vijana 100 waliofika na maumivu ya mgongo, 47 walikutwa na ufa kwenye pingili, mara nyingi ile ya tano; kwa watu wazima 100 walikuwa 5 tu. Hao walikuwa wameshapelekwa kliniki, kwa hiyo uwiano wa uwanjani ni mdogo zaidi, ila umri ndio unaotisha. Kurudia kujikunja nyuma na kuzungusha kiuno kwa kila shuti kunachosha mfupa ambao haujakomaa. Mtoto huyo anahitaji daktari, picha, na mapumziko ya miezi kadhaa bila mpira, hata kama mashindano ya shule ni wiki ijayo na yeye ndiye mfungaji wao.